Nisubiri modeli ya Garratt ya daraja la 59, au nijitengenezee mwenyewe?

Swali limetoka kwa msomaji wa Voi:

"Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa mtia moto kwenye zile Garratt kubwa za Mombasa na Nairobi, daraja la 59. Nimekua nikisikia habari zake, na tangu nianze kukusanya treni ndogo miaka sita iliyopita, natafuta modeli yake. Kila duka la mtandaoni nikiingia nakutana na Big Boy, lile jitu la mvuke la Marekani, za kila bei na kila ukubwa. 59 sijaiona hata mara moja. Je, iko siku viwanda vitaitengeneza? Nisubiri, au nianze kuitengeneza mwenyewe? Na kama ni kutengeneza, nianzie wapi? Karakana sina. Nina meza, msumeno mdogo na mshahara wa mwalimu."

Marahaba mwanangu. Jibu langu ni kwamba usisubiri. Sisemi hivyo kwa kukata tamaa na viwanda. Nasema hivyo kwa sababu kazi ya kwanza inayohitajika ili modeli hiyo ipatikane, iwe ya kiwanda au ya mezani kwako, unaweza kuifanya wewe kwa nauli ya kwenda Nairobi na tepu ya kupimia. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze wasomaji wengine tunazungumzia mashine gani.

Garratt si injini ya kawaida. Mwingereza Herbert William Garratt aliibuni mwanzoni mwa karne iliyopita, na za kwanza mbili, K1 na K2, zilijengwa mwaka 1909 kwenda Tasmania. Ukitaka kuielewa, fikiria watu wawili waliobeba mgonjwa kwenye machela. Mbebaji wa mbele ni chesisi moja yenye silinda zake na magurudumu yake, mbebaji wa nyuma ni chesisi nyingine kama hiyo, na mgonjwa aliyelala katikati ni boila pamoja na kibanda cha dereva. Njia ikipinda, wa mbele anageuka kwanza, wa nyuma anafuata, na machela inabaki imenyooka baina yao. Chini ya boila hakuna gurudumu hata moja, kwa hiyo boila inaweza kunenepa itakavyo. Ya 59 ilikuwa na kipenyo cha karibu mita 2.3, ikipita juu ya reli yenye upana wa mita moja tu. Simama mbele yake uitazame na hesabu hiyo kichwani, utaelewa kwa nini watu wa zamani wakiisimulia wanatanua mikono.

Zilijengwa 34, na kampuni ya Beyer, Peacock katika kiwanda chake cha Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Shirika la Reli la Afrika Mashariki likazipa namba 5901 hadi 5934 na majina ya milima yetu: Kenya, Kilimanjaro, Elgon na mingine. Mpangilio wa magurudumu ni 4-8-2+2-8-4, yaani jumla 28, na 16 kati yake ndiyo yanayovuta. Urefu mita 31.7. Uzito, ikiwa na maji na mafuta yake, ulizidi tani 250. Treni ya tani 1,200 iliipandisha kutoka pwani kwenye miinuko ya mita moja na nusu kwa kila mita mia. Katika reli zote za mita moja duniani, haikujengwa injini ya mvuke yenye nguvu kuizidi. Mbili zimebaki, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zote Nairobi. Hunigusa kila mara kwamba majina yote mawili ni ya milima ya Tanzania, mmoja kando ya Ziwa Natron na mwingine kule Upare, na mashine zenyewe zilimaliza umri wao zikipanda na kushuka njia ya Mombasa.

Sasa swali lako la kwanza. Watu wengi hudhani viwanda havitengenezi modeli ya injini fulani kwa sababu ni adimu. Uadimu haujawahi kuwa kizuizi. Mwaka 1929 Nigel Gresley wa reli ya LNER huko Uingereza alitoa injini namba 10000, maarufu kama W1, yenye boila ya ajabu ya mabomba ya maji kama ya meli. Ilijengwa moja peke yake, na mwaka 1937 ikafanyiwa ukarabati ikawekewa boila ya kawaida. Leo Hornby wameitoa kwa maumbo yote mawili, la kabla na la baada ya ukarabati. Kuna pia ile Leader ya mhandisi Oliver Bulleid, iliyofanana na behewa kuliko injini. Moja tu ndiyo iliyowahi kwenda majaribio, na mwaka 1951 ikavunjwa ikawa chuma chakavu. Hiyo nayo ina modeli, kampuni ndogo ya KR Models ilijitosa. Ukija kwenye Garratt zenyewe, Heljan wa Denmark walitoa zile 33 za reli ya LMS ya Uingereza, na Eureka Models wakatoa AD60, lile dubwana la New South Wales, Australia. Kama injini moja iliyovunjwa inapata modeli, injini 34 zilizovuta uchumi wa nchi tatu zinakosaje?

Zinakosa kwa sababu ya reli. Si umaskini wetu, wala si kusahauliwa, ingawa hayo nayo yana sehemu yake. Modeli nyingi duniani hutembea kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5. Hiyo ndiyo reli ya skeli ya HO, 1:87, yaani kila kipimo cha kweli kimegawanywa kwa 87, na Waingereza wanaitumia hiyohiyo kwa OO yao ya 1:76. Imepatikana kwa kugawanya upana wa reli ya Ulaya na Marekani, milimita 1,435, kwa 87. AD60 ya Australia ilitembea kwenye upana huohuo, kwa hiyo mteja akinunua modeli yake anaiweka juu ya reli aliyonayo tayari sebuleni. Chukua sasa mita yetu moja uigawanye kwa 87. Unapata milimita 11.5. Reli ya karibu na hapo ni ya milimita 12, na ipo madukani kwa hisani ya Waswisi, maana treni zao za milimani nazo ni za mita moja, na kampuni kama Bemo zinaishi kwa hizo. Kwa hiyo kiwanda kikitaka kutoa 59 kwa HO kinapaswa kumuuzia mtu mwenye reli ya milimita 12, na mtu huyo kwa kawaida amejenga Milima ya Alpi mezani kwake, theluji na madaraja ya mawe. Anataka injini nyekundu za umeme za Rhätische Bahn, reli ya milimani ya Uswisi. Hana stesheni ya Mtito Andei.

Sababu ya pili ni kalibu. Modeli ya plastiki inamiminwa kwenye kalibu za chuma, na kalibu ndizo zinazokula fedha, si plastiki. Mtengenezaji akitoa injini ya dizeli, kalibu moja humpa modeli kumi, kwa kuwa dizeli ileile iliuzwa kwa mashirika mengi na kila shirika lilikuwa na rangi zake. 59 ilikuwa ya shirika moja na inajulikana kwa rangi moja, ile ya damu ya mzee. Isitoshe ni kama injini mbili katika moja. Silinda ni nne, na kila silinda ina seti yake ya fito na mikono inayochezacheza nje ya magurudumu, kila kipande chembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Mhasibu wa kiwanda akiona hayo anafunga faili.

Big Boy unayokutana nayo kila mahali zilijengwa 25 tu, pungufu ya 59 zetu. Ila Mmarekani aliyeiona utotoni ana mtoto na mjukuu wenye reli ya milimita 16.5. Hivyo ndivyo viwanda vinavyohesabu.

Je, iko siku itatoka? Mimi naamini ndiyo, ila haitatoka kama sanduku la plastiki la bei nafuu. Itatoka kwenye karakana ndogo zinazotengeneza modeli 50 au 100, za shaba njano iliyochongwa kwa asidi au za rezini iliyochapwa kwa printa ya 3D. Karakana hizo hazihitaji kalibu za chuma. Zinahitaji mchoro sahihi na watu walioahidi kununua. Hapo nikuonye kwa yaliyonipata: niliwahi kutuma fedha za awali kwa karakana moja ya nje iliyoahidi Garratt, bila kuonyeshwa hata ukurasa mmoja wa michoro. Barua zilijibiwa kwa miezi minne, kisha kimya. Tangu hapo nina sharti moja: nione kwanza mchoro wa kompyuta wenye chesisi zote mbili, nihesabu spoku za magurudumu, ndipo mkono uingie mfukoni. Aliyekwishafanya kazi ya kweli haoni vigumu kuonyesha mchoro.

Sasa twende kwenye meza yako.

Jambo la kwanza kuamua ni skeli, na hapa nitakupa maoni yangu bila kuzunguka. Kuna sehemu moja katika ulimwengu wa modeli ambako mita moja ndiyo mwanzo wa hesabu, nayo ni treni za bustani. Kampuni ya LGB ya Nürnberg ilianza mwaka 1968 na skeli ya 1:22.5 kwenye reli ya milimita 45, na mita moja ikigawanywa kwa 22.5 ni milimita 44.4. Inalingana vizuri sana. Lakini 59 kwa skeli hiyo inafika sentimita 141, kimo cha mtoto wa darasa la tano. Utailaza wapi? Kwa HO inakuwa sentimita 36, nzuri kwa rafu, ila fito zake zitakutoa machozi kama hujazoea. Kwa N, yaani 1:160, ni sentimita 20. Hapo mwanzilishi asiguse kabisa.

Mimi nakushauri 1:32. Watu wachache huifikiria, na hesabu yake ni tamu. Mita moja kwa 32 ni milimita 31.25, na reli ya milimita 32 inauzwa duniani kote kwa ajili ya treni za skeli ya O. Gurudumu la kuvuta la 59 lina kipenyo cha milimita 1,372. Gawanya kwa 32, unapata takriban milimita 43. Wanaotengeneza treni za Kiingereza kwa skeli ya O hutumia magurudumu ya milimita 42 na 43 kila siku, kwa sababu kwao ndiyo gurudumu la futi sita na kidogo. Maana yake gurudumu lako, ambalo ndicho kipande kigumu kuliko vyote kutengeneza nyumbani, lipo tayari katika katalogi za watu wasiojua kama 59 ilikuwepo. Hesabu spoku tu kabla ya kuagiza.

Na boila? Mita 2.29 kwa 32 ni takriban milimita 72, na ukiongeza bati la nje lililofunika boila unakaribia 75. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi hapo Voi uombe kipande cha bomba la plastiki la maji taka la inchi tatu. Nje lina milimita 75. Nilipoligundua hilo nilirudi dukani nikanunua mita mbili zaidi, nikihofia mtu mwingine angewahi. Matangi ya maji ya mbele na ya nyuma ni masanduku yenye pembe za mviringo. Yakate kwenye ubao mwepesi wa plastiki unaotumiwa na wachora mabango, kwani vipande vya kubaki huwa wanavitupa, nao hukatika kwa wembe. Injini nzima itakuwa na sentimita 99. Ni ndefu, lakini inakaa juu ya kabati, na mtu akiingia sebuleni haulizi ni nini kile. Anakaa chini kuiangalia.

Usianze na mota. Ijenge kwanza isimame, magurudumu yazunguke kwa mkono, chesisi zigeuke. Ila acha nafasi ya mota ndani ya kila chesisi, kwa sababu siku moja utataka itembee.

Kuhusu kugeuka, sikiliza kosa langu usilirudie. Garratt yangu ya kwanza ilikuwa ya daraja la 60, ndogo kuliko 59. Niliweka misumari miwili wima, mmoja kwenye kila chesisi, na boila ikakaa juu yake imebana kama meza. Mezani iligeuka kushoto na kulia vizuri kabisa. Nilipoiweka juu ya reli ikaanguka kila ilipofika kwenye kiungo kilichoinuka nusu milimita. Ilinichukua wiki mbili kuelewa. Reli haijanyooka kamwe, hata uitandike kwa pima maji. Chesisi ya mbele ikiinamia kushoto na ya nyuma ikiinamia kulia, boila iliyobana pande zote mbili inanyanyua magurudumu hewani. Dawa ni kuiruhusu chesisi moja, tuseme ya nyuma, iinuke na kushuka kwa mbele na nyuma tu, na ile ya mbele ilale pia kushoto na kulia kama kichwa cha ndege. Kwa hiyo kule nyuma boila inakalia sehemu mbili na kule mbele inakalia sehemu moja, kama kigoda cha miguu mitatu. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu ya udongo. Nilipoukata ule msumari wa mbele nikaufanya mviringo kama gololi, haikuanguka tena.

Siku ukiweka mota, weka mbili za aina moja kutoka mfuko mmoja, uziunganishe sambamba. Usihangaike kuzifanya zizunguke pamoja sawasawa. Hata injini ya kweli haikuwa hivyo. Chesisi mbili za Garratt hazikufungwa pamoja, kwa hiyo pumzi zake za mvuke zilikuwa zinapishana: mara zinagongana pamoja, mara zinaachana taratibu na kuwa kama ngoma mbili, kisha zinakutana tena. Waliolala karibu na reli wanaujua mlio huo. Modeli yako nayo itafanya vivyo hivyo kwa mikono ya pistoni, na ukiinama kuitazama kwa ubavu utaona fito za mbele zikiziacha za nyuma na kuzisubiri.

Risasi ya kuongeza uzito ielekeze kwenye matangi, juu ya magurudumu yanayovuta. Boila yenyewe iache nyepesi.

Sasa vipimo, ambavyo ndivyo kiini cha barua hii. Mashine iko Makumbusho ya Reli ya Nairobi, karibu na stesheni kuu ya zamani, mahali palipofunguliwa mwaka 1971. Nenda asubuhi, jitambulishe kwa walinzi na mhudumu, eleza kwamba unataka kupima, na uombe ruhusa kabla ya kupanda popote. Beba tepu ya mita 30, tepu fupi ya mita tano, daftari la mistari ya miraba, chaki, na fimbo iliyonyooka ya mita mbili uliyoipaka rangi nyeusi na nyeupe kila sentimita kumi. Fimbo hiyo isimamishe ubavuni mwa injini katika kila picha utakayopiga. Piga ukiwa mbali kadiri ukuta utakavyoruhusu, kisha vuta picha karibu kwa kamera. Ukipiga kwa karibu, katikati inavimba na ncha zinanywea, na hutaweza kupima chochote kwenye picha hiyo. Piga kila upande kwa vipande, kila kipande kikibeba robo ya kilichotangulia.

Anza na ekseli. Pima kutoka katikati ya ekseli moja hadi katikati ya inayofuata, zote za chesisi ya mbele, kisha rudia za nyuma hata kama unaamini zinafanana. Andika namba kabla ya kuhama. Halafu pima kimo cha tangi kutoka juu ya reli, umbali wa tangi hadi uso wa boila, upana wa kibanda, na kimo cha ngazi. Mabomba usiyapime, yapige picha. Kibao cha jina kikiwa mahali unapofikia na ukiruhusiwa, weka karatasi juu yake usugue kwa ubavu wa penseli laini, kama watoto wanavyofanya na sarafu. Herufi zitajitokeza kwa umbo lake halisi, na huo ndio mchoro utakaoupunguza mara 32.

Vitu usivyoweza kuvipima, kama umbo la fremu kwa ndani, viko kwenye michoro ya kiwanda. Gorton ilifungwa mwaka 1966, lakini kumbukumbu za Beyer, Peacock zilihifadhiwa, na leo ziko kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester. Waandikie ukiwa na namba mkononi: daraja la 59, Shirika la Reli la Afrika Mashariki, 1955. Omba mchoro mmoja tu wa mpangilio mzima. Barua inayoomba kila kitu hukaa mezani kwa muda mrefu.

Kisha amua mwaka. Hili wengi hulisahau, wakatoa modeli yenye bomba la moshi la mwaka huu na rangi ya mwaka ule. Zilipofika, 59 zilikuwa na bomba la moshi la mviringo. Baadaye zikafungwa mfumo wa Giesl, uliobuniwa na Mwaustria Adolph Giesl-Gieslingen ili kuvuta moshi kwa nguvu zaidi kwa mvuke mchache, na bomba likawa refu na jembamba, kama kisanduku kilichobanwa mbavu. Ukitazama picha ya familia na kuona bomba, utajua ni ya zama zipi. Waulize wazee wa nyumbani babu aliingia kazini mwaka gani na kuacha mwaka gani. Waulize pia namba. Kwenye 59 wafanyakazi walipewa injini yao, na walioipenda waliing'arisha shaba yake mpaka ikawaka, kwa hiyo huenda nyumbani kwenu kuna mtu anayekumbuka kama babu alikuwa wa 5911 au 5926. Mke wa mfanyakazi wa reli alikuwa anaijua namba hiyo kuliko namba ya nyumba. Ukiipata, modeli yako iwe hiyo, hata kama vipimo umevitoa kwa Mount Gelai. Zilikuwa za daraja moja.

Kama 59 inakutisha kuanza nayo, palepale makumbusho kuna 2921, Masai of Kenya, ya daraja la 29. Ni injini ya kawaida ya chesisi moja, na hesabu zote za 1:32 nilizokupa zinafanya kazi juu yake pia, isipokuwa magurudumu na boila uvipime upya. Nimewaona vijana wakianza na hiyo wakamaliza kwa mwaka mmoja. Lakini barua yako haikuniambia habari za 29, na mtu anayejenga kitu asichokipenda hafiki kwenye rangi. Anza na unayoitaka.

Jambo la mwisho ni namna ya kulipia. Usijenge peke yako kama unaweza kupata wenzio. Ukiwa na vipimo sahihi, mtu mmoja akichora vipande vigumu kwenye kompyuta, yaani vifuniko vya silinda, bomba la Giesl, taa na milango ya kisanduku cha moshi, kila mwanachama anachapa vyake kwenye duka la printa ya 3D kwa gharama yake. Watu kumi wakichanga, mchoraji analipwa vizuri. Na mchoro huohuo, ukiwa umehakikiwa na watu waliosimama kando ya mashine yenyewe, ndio ambao karakana ndogo ya Ulaya itaupokea kwa mikono miwili, kwa sababu umewaondolea nusu ya kazi. Nikisema naamini modeli ya duka itatoka, huko ndiko ninakoitazamia itokee.

Nenda basi wakati wa likizo ya shule. Usipopata siku nzima, nipatie kwanza namba sita: umbali kati ya ekseli zote za chesisi ya mbele, kutoka gurudumu dogo la kwanza hadi la mwisho, kisha zitume pamoja na picha ya ubavu yenye fimbo. Nitakuchorea fremu mbili za upande kwa 1:32, uzibandike juu ya bati la shaba, uanze kukata.